Mhandisi wa Jumatano

Kama kuna mtu katika jiji la Nairobi aliyejua kuikalia wiki mpaka ikatulia, basi alikuwa Wanjugu. Watu wengine huanza Jumatatu mbio mbio, wakifika Jumatano wamechoka, na Ijumaa wanaomba msamaha kwa kila mtu. Wanjugu aliipanga wiki yake Ijumaa jioni kabla ya kuvaa koti, na Jumatatu aliikuta palepale alipoiacha. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka kwenye meza ya orofa ya sita, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, nje ya mlango wa Bi. Munyiva, mthamini wa ardhi na majengo, mama mwenye sauti ya pole na wateja wasio na upole wowote.

Kalenda ya ofisi ilikuwa kwenye kompyuta, na wafanyakazi wote kumi na mmoja waliiona, ila Wanjugu peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Wateja aliwapa rangi ya samawati, ukaguzi wa majengo kijani, na mambo ya mahakama nyekundu, kwa sababu hakimu hasubiri mtu. Baada ya kila mkutano aliacha robo saa wazi, maana alimjua mkubwa wake: Bi. Munyiva akisema "neno la mwisho", jua kuna mengine matatu nyuma yake. Mkutano wa Upper Hill haukufuatana na wa Westlands bila nusu saa ya barabara katikati. Aliyeomba dakika tano aliandikiwa ishirini, kwa kuwa hajaonekana bado Nairobi hii mtu wa dakika tano. Na aliyenyimwa nafasi aliondoka akishukuru, hata hajui amenyimwa. Hicho ni kipaji, usikione hivi hivi.

Katikati ya mipango hiyo yote alikuwako Mhandisi Kitavi. Kila Jumatano, saa saba mpaka saa nane mchana, kwenye safu ya Wanjugu mwenyewe palisomeka: Mhandisi Kitavi, ukaguzi, nje ya ofisi. Miaka miwili sasa. Hakuna aliyeuliza wanakagua nini. Mtu akiona neno mhandisi hupita kimya kimya akaenda zake.

Sasa nikuambie mapema, usije ukadanganyika kama wenzako: Mhandisi Kitavi hakuwako. Hakuwa amezaliwa. Wanjugu alimwumba siku moja akiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa sababu saa ile ya Jumatano ilikuwa ya mwanamume mwingine aliyeitwa Jackton Were, na jina la Jackton Were halingeweza kukaa kwenye kalenda inayosomwa na Ken.

Ken alikuwa mhasibu wa ofisi na pia binamu yake Wanjugu, mtoto wa ndugu ya babake. Kila Jumapili alikula chakula cha mchana Uthiru, pembezoni mwa jiji, kwa Mzee Mungai, babake Wanjugu, na akishashiba habari zote za ofisi zilimtoka moja baada ya nyingine. Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu hawezi kukaa na kitu mdomoni.

Na Mzee Mungai alikuwa na donda lake. Binti yake mkubwa, Nyawira, aliolewa Webuye, mbali huko magharibi, miaka tisa iliyopita. Mkwe hakuwa na kosa, watoto walikuwa wazuri, lakini kwa miaka hiyo yote Nyawira alikuwa amekanyaga Uthiru mara nne, na mara mbili kati ya hizo zilikuwa za mazishi. Mzee alikuwa na nyumba ishirini na mbili za kupangisha, wala hakuna mlango wake uliowahi kukaa bila mtu wiki mbili. Chumba cha Nyawira peke yake alikataa kukipangisha, na kitanda kilikuwa kimetandikwa hadi leo. Siku moja wakiwa mezani alimwangalia Wanjugu, akamwambia kwa upole kwamba yeye angependa aolewe karibu, mahali mzee anaweza kwenda na kurudi siku moja. Wanjugu akajibu, "Ndiyo, Baba." Were alikuwa mtu wa Funyula, kule karibu na mpaka wa Uganda, na wakati huo walikuwa na miezi mitatu wakipendana.

Mapenzi yenyewe yalianzia River Road, kwenye ngazi zinazonuka wino. Wanjugu alikuwa anatafuta mtu wa kumchapia Bi. Munyiva kadi za kazi. Wachapaji watatu walimwambia kitu kimoja, "Kuja Ijumaa," na yeyote aliyewahi kuchapisha kitu River Road anajua kwamba Ijumaa hiyo ikifika utaambiwa Ijumaa nyingine. Wa nne alikuwa Were. Hakumjibu haraka. Aligeuka, akatazama ukuta ambako alikuwa ameandika kazi zake zote kwa chaki, akahesabu kwa midomo, kisha akasema, "Jumanne, saa tisa mchana. Nikikuambia mapema kuliko hiyo nitakuwa nakudanganya." Jumanne, saa tisa kasoro dakika tano, Wanjugu alizikuta kadi ndani ya boksi, zimekatwa sawasawa. Mwanamke mwingine angeanza kupenda macho ya Were, na kweli yalikuwa macho ya kutazamwa. Wanjugu macho aliyapenda baadaye. Kwanza aliipenda ile Jumanne.

Basi ilikuwa Jumatano moja ya Novemba, asubuhi, Bi. Munyiva akatoka ofisini mwake na faili mkononi. Kulikuwa na jengo la mteja huko mtaa wa Jamhuri, orofa nne, lenye ufa uliopanda kutoka chini mpaka dirisha la pili, na kabla ya kukadiria thamani yake alitaka kusikia neno la mhandisi. Mhandisi wao wa siku zote alikuwa safarini.

"Mwambie yule Kitavi wako aje Ijumaa, saa nne," akasema. "Miaka miwili mnakagua pamoja. Na mimi nimwone."

Wanjugu, ambaye aliwahi kumrudisha nyumbani wakili mkali akiwa anacheka, safari hii alikubali tu. Akaitika, "Sawa, Madam," na vidole vikaandika vyenyewe: Ijumaa, saa nne asubuhi, Mhandisi Kitavi, ofisini. Akampa rangi ya samawati, kama mteja. Kisha akakaa akiitazama ile samawati mpaka saa saba ikafika.

Were alikuwa ametangulia kama kawaida, kwenye hoteli ndogo iliyo chini ya karakana yake, meza ya pembeni karibu na sinki. Alikuwa ameshaagiza ugali na samaki wa nazi anayependwa na Wanjugu, na alikuwa anatoa miiba upande wa Wanjugu wa sahani, kwa vidole vyenye alama ya wino ambayo sabuni ilishindwa nayo zamani. Alipomwona mlangoni uso wake ulifunguka. Ulikuwa unafunguka hivyo kila Jumatano, na kila Jumatano Wanjugu alihisi mtu amemshika mkono kwa ndani. Wakaulizana habari za wiki. Were alisema ni msimu wa kalenda za ukutani, kila duka la vifaa na kila bucha inataka yake kabla ya Krismasi, mgongo unamuuma. Wanjugu akamwambia akae wima. Wakacheka.

Halafu Wanjugu akamwomba amsaidie na kitu kidogo, Ijumaa, robo saa tu. Were akasema yeye hata nusu saa atatoa. Ndipo Wanjugu akamweleza yote, akicheka katikati, maana alidhani ni jambo la kuchekesha: kalenda, Ken, mhandisi wa kubuni, ufa wa Jamhuri. Alichotaka ni Were avae koti, aingie, asalimie, aseme yeye ndiye Mhandisi Kitavi na kwamba amelemewa na kazi, apendekeze mwingine, aondoke zake. Robo saa, imekwisha.

Were aliliweka chini tonge la ugali.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo miaka miwili mimi ni Kitavi, Mkamba?"

Wanjugu akacheka. Were naye akacheka, lakini kicheko chake hakikwenda mbali.

"Na mhandisi," akaongeza.

"Ilikuwa tu jina, Were. Ya kuziba nafasi."

"Ya kuziba nafasi." Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayesoma karatasi kabla ya kuipeleka kwa mashine. "Wanjugu, mimi sijawahi kulalamika juu ya saa moja. Najua kazi yako. Nilijiambia, huyu mtu amepangwa kila dakika, akinipa saa moja kwa wiki amenipa kitu kubwa. Nimeringa na hiyo saa. Mpaka mamangu nilimwambia, kuna mtu Nairobi ameniwekea saa yangu. Sasa nasikia hata hiyo saa haikuwa yangu. Ni ya Kitavi."

"Ken angeambia Baba."

"Si aambie."

"Were, humjui Baba."

"Nitamjulia wapi?"

Wanjugu alilikwepa swali hilo. Alianza kueleza habari za Nyawira na Webuye, habari ambazo Were alikuwa amezisikia, na alipokuwa akieleza alijisikia mwenyewe kwamba anarudia maneno yaleyale ya mwaka jana na ya mwaka juzi, na kwamba kila mara huishia kwa kusema si sasa. Were alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Kisha akainuka, akanawa mikono kwenye sinki, akajipangusa kwa kitambaa, akarudi akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ijumaa siji," akasema. "Siku nitaingia kwa hiyo ofisi nitaingia na jina nilipewa nyumbani. Na hiyo saa ya Jumatano, mpe mtu mwingine."

Angalikasirika, Wanjugu angalijua la kufanya. Watu wenye hasira alikuwa amewazoea, kila siku walimpigia simu. Lakini Were hakupandisha sauti. Nje kulikuwa na manyunyu. Akachukua mwavuli wa Wanjugu pembeni ya meza, akamfungulia pale mlangoni, akampa, akapanda ngazi kurudi kwenye mashine zake. Mwanamume anakuacha na bado hataki unyeshewe. Hilo ndilo lililomliza Wanjugu, akitembea peke yake katikati ya watu wa River Road, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Alhamisi alijaribu kumpigia simu. Were alipokea, akamsalimia vizuri, akasema ana kazi kidogo. Ni adabu ileile ambayo Wanjugu aliwapa wateja asiotaka kuwapa nafasi, na aliijua sauti yake. Akarudi kwenye kalenda, akaenda Jumatano inayofuata, akamfuta Kitavi. Pale palipokuwa na jina pakabaki peupe. Hazikupita dakika kumi, Maurine wa mapokezi akaja kumwambia kwamba ameona Jumatano saa saba iko wazi, na kuna watu wa bima wameomba sana kuonana na Wanjugu, basi awaweke hapo?

"Hapana," akasema Wanjugu. "Hiyo iko na mtu."

Maurine akamwuliza ni nani. Wanjugu akafungua mdomo na jina likakataa kutoka. Maurine akangoja kidogo, akaona anachelewa simu, akaenda. Wanjugu akabaki na aibu ambayo hakuna mtu aliyempa, na aibu ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huna wa kumkasirikia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Aliweza kulisema jina la kila mteja wa ofisi ile na la mkewe. La mtu anayempenda lilimshinda, mbele ya Maurine.

Ijumaa, saa nne kasorobo, alibisha mlango wa Bi. Munyiva, akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Madam, Mhandisi Kitavi haji. Hakuna mtu kama huyo. Nilimwandika mimi."

Kisha akamwambia yote bila kupamba. Alisema saa ya Jumatano ni saa yake ya chakula, na huwa anaenda River Road kula na mchapaji anayeitwa Jackton Were. Alisema aliogopa watu wa nyumbani. Alimaliza akiwa amesimama wima na mikono imeshikana mbele, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Bi. Munyiva alivua miwani.

"Kwamba ni mwanamume nilijua," akasema. "Mimi nadhani ilikuwa kama miezi sita hivi nikajua. Unajua nilijuaje?"

"Hapana, Madam."

"Daktari wako wa meno umemwahirisha mara tatu. Siku ya mamako kuzaliwa uliihamisha kwa sababu yangu, nami sikusema asante. Mimi mwenyewe umenisogeza mpaka nimezoea. Wateja, mawakili, watu wa kaunti, kila mtu humu ndani amewahi kusogezwa. Huyo wa Jumatano hujamgusa hata mara moja. Miaka miwili. Nikasema, huyo si wa kazi." Akaivaa miwani tena. "Ila nilidhani ni mhandisi kweli. Kumbe hata uhandisi hana."

Wanjugu hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Hakucheka, na ilikuwa vyema, kwa sababu Bi. Munyiva hakuwa amemaliza. Alimwambia kwamba saa ya chakula ni yake, ale na anayemtaka. Lakini kalenda ile ndiyo kitu pekee ofisini anachokiamini bila kuuliza, na mteja wa Jamhuri ameshaambiwa mhandisi anakuja leo. Amtafute mhandisi wa nyama na damu kabla ya saa sita. Na yeye Madam asimwone tena kwenye kalenda mtu ambaye hana mama.

Wanjugu alishika simu, akawapigia watu wanane mmoja baada ya mwingine, na saa tano u nusu akampata Mhandisi Musembi, mtu halisi mwenye kikohozi, akakubali kuwa Jamhuri saa tisa. Akaandika. Akamfahamisha mteja. Kisha akavaa koti mchana wa Ijumaa, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamwambia Maurine kwamba anaenda River Road kumwona mtu anayeitwa Jackton Were. Maurine akasema, "Haya, sawa," akaendelea na kazi yake. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Wanjugu karibu arudi amwambie tena.

River Road siku ya Ijumaa ni balaa. Wote walioambiwa waje Ijumaa walikuwa wamekuja, wamejaa kwenye ngazi, wanagombana na wachapaji wao. Kwa Were palikuwa na utulivu, kwa kuwa yeye hawaambii watu Ijumaa. Alikuwa mbele ya mashine ya kukata karatasi, akinyoosha rundo la kalenda za duka la rangi, na alimwona Wanjugu kabla hajafika mlangoni. Mikono yake ilisimama. Uso wake ulitaka kufunguka kama siku zote, akaukataza.

"Leo si Jumatano," akasema.

"Najua."

"Umetoka kazini saa hizi?"

"Nimetoka."

Akamweleza yaliyotokea kwa Bi. Munyiva. Were alisikiliza akiwa ameuweka mkono juu ya lile rundo. Alipofika kwenye maneno ya Madam, ya kwamba yule wa Jumatano hajawahi kusogezwa hata mara moja, Wanjugu sauti ilimkatika, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa amejua. Hakuwahi kukaa akahesabu. Alikuwa akimlinda tu, wiki baada ya wiki, bila kufikiri, na wakati huohuo akimficha.

"Sikukuficha kwa sababu wewe ni mtu mdogo," akasema. "Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye kitu siwezi kupoteza. Nilijua Baba akikataa, nitalazimika kuchagua, na nilikuwa naogopa. Nimekukosea, Were. Nimekukosea sana."

Were alilinyoosha tena lile rundo. Akasema pole pole kwamba ofisi ni ofisi, na amefurahi, lakini Uthiru bado iko palepale.

"Najua," akasema Wanjugu, akatoa simu kwenye mkoba.

Yeye na babake siku zote huongea Kikuyu. Simu ilipopokelewa, akamsalimia kwa Kiswahili, makusudi, ili mtu aliyesimama mbele yake asikie kila neno litakalotoka kinywani mwake.

"Mbona unaniongelesha Kiswahili?" akauliza Mzee Mungai kwa Kikuyu. "Uko na nani hapo?"

Alikuwa mzee mwepesi wa kung'amua mambo.

"Niko na Jackton Were, Baba. Ni mtu wa Funyula. Ni mchapaji, River Road. Tuko pamoja miaka miwili na ninampenda. Nilikuficha."

Upande wa pili kulisikika kuku, na mtu aliyekuwa akichota maji. Kisha mzee naye akashika Kiswahili, kile chake kizito cha Uthiru.

"Si ni Kitavi?"

"Nani?"

"Ken aliniambia tangu Pasaka. Mhandisi Kitavi, kila Jumatano. Nikangoja uniambie mwenyewe. Nikafikiria, kwao kama ni Machakos, naenda na narudi na jua bado iko juu. Nilikuwa nimeanza kumzoea huyo kijana."

"Kitavi hayuko, Baba."

"Alikufa?"

"Hakuwahi kuwako. Nilimwandika mimi, ndiyo Ken asijue."

Mzee aliguna. Ilikuwa guno refu, na Wanjugu hakuweza kujua limebeba nini. Were naye, ambaye alikuwa anasikia upande mmoja tu, aliposikia Kitavi hakuwahi kuwako aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika kidogo, na Wanjugu hakujua kama ni kicheko au ni kile kingine.

"Na huyu?" mzee akauliza. "Huyu yuko?"

"Yuko. Amesimama hapa mbele yangu."

"Hiyo Funyula. Ni mbele ya Webuye?"

"Mbele kidogo, Baba."

"Mbele kidogo," akarudia, na sauti yake ilichoka ghafla, ikawa ya mtu anayepita nje ya chumba chenye kitanda kilichotandikwa. Wanjugu moyo ulimwuma. Akataka kumwahidi kitu, kwamba kazi yake Were iko Nairobi, kwamba hakuna anayehama, kwamba atakuja kila Jumapili ya maisha yake. Lakini ahadi ya aina hiyo Nyawira naye aliitoa, na mzee anaikumbuka. Hakuahidi kitu.

"Nitakataa," akasema Mzee Mungai. "Ujue hivyo. Nitakataa."

"Sawa, Baba."

"Lakini mimi sikatai mtu kwa simu. Mlete Jumapili, nimkatae nikimwangalia." Kisha akaongeza: "Anakula kuku?"

"Anakula."

"Hata sijui nimeuliza kwa nini, na ni mtu wa huko, kwao kuku hakosi mezani," mzee akajibu mwenyewe, akakata simu.

Wanjugu akabaki ameishika simu sikioni, mashine ya jirani ikinguruma nyuma ya ukuta, machozi yakimtoka bila kelele. Were akaja karibu. Hakumgusa, kwa sababu ya wino, ila alisimama karibu kiasi kwamba Wanjugu alisikia pumzi yake.

"Amesema nini?"

"Amesema atakukataa Jumapili."

Were alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa makini, kama alivyofikiria kila kazi kabla ya kusema itakuwa tayari lini, na uso wake ukafunguka polepole, na safari hii hakuukataza.

"Saa ngapi?"

Wanjugu akafuta macho. Yeye, Wanjugu, alikuwa ameweka miadi kubwa kuliko zote za maisha yake na hakuwa ameuliza saa.

"Sijui," akasema. "Tuende asubuhi. Tukae huko siku nzima."